Gauni la Jubilei Ndani ya Gemu la Zamani

Jamani, leo nimepata aibu ya mwaka mzima, na mwaka wenyewe hata kahawa haijaanza kuchumwa.

Naandika nikiwa nimekaa sakafuni, mgongo nimeuegemeza kwenye cherehani. Nimechoka. Si uchovu wa kazi, kazi nimeizoea. Ni ule uchovu wa mtu aliyetazamwa na ukumbi mzima kwa wakati mmoja akiwa hana pa kujificha. Naandika mwenyewe kabla hamjaletewa na wengine, maana kuna mtu amerekodi. (Ninamjua. Tutaonana sokoni.)

Wacha nianze mwanzo.

Mnaonifahamu mnajua mimi ni fundi cherehani hapa Mbinga mjini, na mnajua ugonjwa wangu ni gemu. Ni lile gemu la maisha: unatengeneza watu wako, unawajengea nyumba, unawavalisha, wao wanapika, wanaoga, wanagombana, wanalala. Mambo ya kugombana na kulala sina haja nayo, hayo nayaona mtaani bure. Mimi ni nguo tu. Kompyuta yangu ni kuukuu, aliniachia kaka yangu alipohama. Inaitwa mpakato, lakini ukiipakata inakubabua mapaja. Betri ilishakufa zamani. Ukichomoa waya inazima kabla hujafumba mdomo. Toleo jipya la gemu haliingii humo hata kwa novena. Kwa hiyo nacheza toleo la zamani, ambalo wenzangu duniani walishalitupa.

Sasa kwenye gemu hilo unaweza kuongeza nguo zako mwenyewe. Unachukua umbo la nguo, unalifumua likalala bapa vipande vipande: mbele, mgongo, mikono. Unapaka kitambaa chako juu ya vile vipande, unavirudisha, gemu linamvalisha mtu. Watu wanasema ni kazi ngumu. Mimi siku ya kwanza kuviona vile vipande vimelala kwenye kioo nilicheka peke yangu. Si ndiyo karatasi ya kukatia hiyo? Nimekata hivyo miaka kumi na minane!

(Ugumu ulikuja baadaye. Maelekezo yote ya mtandaoni ni ya toleo jipya. La zamani tumebaki watu tisa tunaoulizana kwenye jukwaa moja, na watatu kati yetu hawajibu. Gauni langu la kwanza lilivaliwa na jokofu. La pili lilivaliwa na mtu, ila mikono ilitokea kifuani. Tuyaache.)

Nilipoweza, nikaanza kulitumia dukani. Mteja akija na kitenge, nakipiga picha, nakiingiza, namtengenezea mtu wa kwenye gemu mwenye mwili wake, mnene kama ni mnene, namvalisha. Anaona mshono kabla sijagusa mkasi. Yale mabishano ya "fundi, mimi nilidhani" yakapungua sana. Watu wakaanza kuniita Fundi Sinema. Nikajiona nimefika.

Kumbe.

Mwaka huu Sista Benigna anatimiza miaka hamsini ya utawa. Kwa wasiomjua, huyu ndiye aliyenishikisha mkasi. Nilikuwa msichana wa Namswea niliyemaliza darasa la saba na kuanza kuzoea jembe, akanichukua kwenye darasa lake la cherehani. Nilisoma mwaka mmoja. Mwaka wa pili baba akaugua, nikaitwa nyumbani, na sikurudi tena. Cheti sina mpaka leo.

Sherehe itafanyika kwao Lipingo, kule ziwani. Kamati imetengenezesha vitenge vya sare, bluu na rangi ya maziwa, na katikati kuna duara lenye picha ya Sista anatabasamu, miwani na yote. Magauni sitini. Mafundi walioomba kazi tulibaki wawili: mimi, na Fundi Alfonsi. Alfonsi ana cheti. Kimewekwa kwenye fremu, kimetundikwa pale anapopimia watu, ukinyanyua mikono upimwe kifua unakisoma chote.

Niliitaka kazi hii mpaka nikapungua mwili. Na nisiwafiche, haikuwa kwa sababu ya wingi wa magauni. Nilitaka Sista awaone watu wake wamevaa kazi ya mikono yangu, ajue kwamba ule mwaka mmoja hakuupoteza. Basi. Ndiyo hilo tu.

Na jambo moja zaidi mlijue kabla sijaendelea. Kwenye darasa la Sista Benigna, kanuni ya kwanza haikuwa ya sindano wala ya uzi. Ilikuwa hii: "Picha ya mtu haikatwi shingo, haigeuzwi kichwa chini, haikaliwi." Mnavijua vitenge vyetu vya jubilei, vya askofu, vya somo wa parokia. Fundi asiyejali anakata tu, na siku ya sherehe unakuta mtakatifu yuko kwapani. Sista alitusimamisha tuiseme kanuni hiyo kila asubuhi baada ya sala. Naijua kama Baba Yetu.

Haya. Leo.

Kikao cha kuamua fundi kilikuwa saa tisa alasiri, ukumbi wa kigango. Saa mbili asubuhi nilikuwa nimemaliza kila kitu. Gauni liko ndani ya gemu, tayari kuonyeshwa kwenye ukuta wa ukumbi, duara moja kifuani, duara moja mgongoni, mahali pake kabisa. Nikatenga chai. Simu ikaita. Mama Kanisia, mwenyekiti wa kamati.

"Fundi, tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Sasa Fundi. Mwanangu Kanisia ameniambia jana ulimwonyesha ule mfano. Anasema magoti yanaonekana."

"Mama, ule ni mfano tu. Gemu hili la zamani halina gauni refu, nguo zake zote ni fupi. Haya ya kweli nitashona marefu."

"Fundi. Kuna masista kumi na wawili wanapanda kutoka Kigonsera. Kuna Paroko. Kuna Mzee Wilibadi, kaka yake Sista, ametoka Lipingo alfajiri. Wote hao wataona magoti. Ukutani. Magoti yenyewe ni yangu!"

Hapo alikuwa na haki. Mmoja wa watu wangu wa kwenye gemu nilikuwa nimempa umbo lake, mwendo wake, na jina lake juu. (Kujipendekeza. Liandikeni hilo kwenye orodha ya makosa yangu, liwe la kwanza.)

"Nitaongeza urefu, mama."

"Mpaka kwenye vifundo."

"Mpaka kwenye vifundo, mama."

Nikakata simu. Nikafungua kompyuta. Umeme ukakatika.

Saa tatu, hakuna. Saa nne, hakuna. Nikachambua maharage. Saa tano nikachambua tena maharage yale yale. Saa sita nikaanza kusali, sala isiyo na heshima sana. Umeme ulirudi saa saba na robo, na mimi bado nilikuwa na kazi ya kuoga, kuvaa, na kutembea mpaka kigangoni na kompyuta kichwani.

Kutengeneza sketi mpya kwenye ile programu ni kazi ya siku mbili. Lakini mimi ni fundi wa Mbinga. Kitambaa kikipungua tunafanyaje? Tunaunga! Nikachukua kipande cha mbele, nikakata ile nusu ya chini isiyo na picha, nikainakili, nikaivuta mpaka vifundoni. Sketi ya mbele ikapatikana, safi. Ya nyuma nikachukua kipande cha mgongo. Cha mgongo sikukata nusu, saa ilikuwa inakwenda. Nikakinakili kizima, nikakivuta chini, nikakiunga. Nikahifadhi. Nikajisifu kwa sauti. Nikasema, "Eustakia, wewe ni kiboko."

Nikamsimamisha Mama Kanisia wa kwenye gemu mbele ya kabati lake la nguo nimkague. Kabati la toleo hili la zamani lina kioo, na kile kioo kinamwonyesha mtu kwa mbele tu. Mbele palikuwa pazuri, jamani. Duara kifuani, Sista anatabasamu, gauni mpaka chini, hakuna goti. Nikazima kompyuta, nikaifunga kwenye kanga, nikaondoka.

Ukumbi ulijaa. Masista wamekaa mstari mmoja upande wa kulia. Paroko yuko pembeni, anatazama saa. Mzee Wilibadi amevaa makoti mawili, maana watu wa ziwani baridi yetu hawaiwezi, na chini ya kiti chake kuna mfuko wa usipa mkavu, wale dagaa wa ziwani, ambao ukumbi mzima tulishajua kuwa upo kabla hatujauona. Pembeni yake amekaa Sista Benigna mwenyewe. Amekuwa mdogo. Nimemwona mara tatu tu tangu niache darasa, na kila mara namkuta amepungua kidogo.

Nikapiga goti. "Shikamoo, Sista."

"Marahaba. Eustakia wa Namswea." Akanitazama kuanzia juu mpaka chini, taratibu, kama anayetafuta kasoro kwenye mshono. "Bado unaacha uzi mrefu?"

"Hapana, Sista."

(Naacha.)

Alianza Fundi Alfonsi. Alileta gauni la kweli kwenye hanga, kalinyoosha mpaka linang'aa. Akaongea dakika tano kuhusu gauni na dakika kumi kuhusu cheti. Makofi yakapigwa, ya heshima.

Halafu mimi. Katekista alishatundika shuka jeupe ukutani na kufunga mapazia, projekta ya parokia inanguruma. Nikachomeka waya, nikawasha, gemu likafunguka. Na pale ukutani, mrefu kutoka sakafuni mpaka karibu na dari, akatokea Mama Kanisia ndani ya sare ya jubilei.

Ukumbi ulisema "Hee!" kwa pamoja.

Mama Kanisia wa kweli, aliyekaa kwenye kiti cha plastiki mstari wa mbele, alijiangalia. Akaguna kwa kuridhika. "Magoti?" akauliza.

"Hayapo, mama."

Watu wakacheka, kile kicheko kizuri. Mzee Wilibadi akamuuliza Katekista, kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri, "Huyu mama mrefu ni wa ukoo gani?"

"Si mtu, Mzee. Ni mchoro."

"Mbona anapumua?"

Nikamtazama Sista. Alivua miwani, akaipangusa kwa pindo la shela, akaivaa tena. Akaangalia lile duara kifuani kwa muda mrefu. "Endelea," akasema. Sauti yake ilikuwa ya upole. Nawaambia ukweli, kwa dakika ile moja nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote wilayani.

Nikabonyeza atembee.

Sasa, watu wa kwenye gemu hili wana hiari yao. Nasikia kwenye toleo jipya unaweza kuwatuliza. La zamani hapana. Ukimwambia atembee anatembea anakotaka yeye, na akichoka anatafuta pa kupumzikia. Mama Kanisia wa ukutani akatazama kushoto. Akatazama kulia.

Akageuka.

Viti vikalia, watu wakisogea mbele waone.

Kulikuwa na picha mbili. Moja mgongoni, mahali pake. Ya pili chini. Mnajua chini wapi, msinilazimishe kuandika. Pale pa kukalia! Kile kipande cha mgongo nilichokinakili kizima kilishuka na Sista wake. Na kwa kuwa sehemu ile ya umbo ni pana (nilimtendea haki Mama Kanisia kwenye vipimo), Sista naye alitanuka. Ukubwa wa ungo. Miwani na yote. Anatabasamu.

Halafu akaanza kutembea.

Watu wa toleo la zamani wanatembea kwa madaha. Kila hatua upande mmoja unapanda, mwingine unashuka. Uso wa Sista ukawa unakwenda juu na chini, juu na chini. Mama mmoja wa kwaya akasema kwa sauti ya chini ambayo ukumbi mzima uliisikia, "Anatafuna muwa."

Nikatafuta mshale nisimamishe gemu. Mshale umepotea. Mimi nauona wapi mshale, macho yameshajaa ukungu! Nikabonyeza hiki, nikabonyeza kile. Kimoja kikawasha redio ya kwenye gemu. Sasa akawa anatembea kwa muziki.

Na hapo nikaona jambo lililonifanya nisahau aibu zote za nyuma. Mama Kanisia wa ukutani amechoka. Kile kialama cha uchovu juu ya kichwa chake kimegeuka chekundu. Na sebuleni kuna kiti. Nilikiweka mwenyewe jana, cha kupamba.

Akakielekea.

"Usikae!" nikapiga kelele. Kwa mchoro. Mbele ya Paroko.

Mzee Wilibadi akasimama na makoti yake yote mawili, fimbo imenyooshwa ukutani. "We mama! Usimkalie dada yangu!"

Mama Kanisia wa kweli akashtuka, akaruka kutoka kwenye kiti chake cha plastiki akasimama wima, mikono nyuma. Wanawake watatu waliokaa karibu naye wakasimama pia, nadhani kwa usalama. Wa ukutani yeye hakusikia la mtu. Akafika kwenye kiti. Akageuka kidogo, akakunja magoti, akaanza kushuka.

Kompyuta ikaganda.

Si kabla, si baada. Ikaganda akiwa nusu, Sista akiwa amebakiza kidogo tu kuufikia mto wa kiti, na tabasamu lile lile, ukubwa wa ungo, mbele ya masista kumi na wawili. Muziki nao ukakwama kwenye sauti moja: ti-ti-ti-ti-ti.

Nikasema moyoni, sawa, nachomoa waya. Betri ni mfu. Itazima, nitakimbia, nitahamia ng'ambo ya ziwa, nitajifunza kuanika usipa. Nikachomoa.

Haikuzima.

Betri ile! Mwaka mzima haijawahi kuishi hata kwa muda wa kupiga chafya. Leo ikafufuka. Nikashika kitufe cha kuzimia, nikakibana mpaka kidole kikauma, ti-ti-ti-ti, haizimi, Sista yuko pale pale hewani. Mwishowe Katekista akavua kofia yake, akaifunika kwenye jicho la projekta. Ukumbi ukawa giza la mapazia. Tukabaki na ile sauti mpaka betri ikaona inatosha.

Mapazia yakafunguliwa. Fundi Alfonsi akakohoa. "Mimi ndiyo maana huwa nasema," akaanza, "kushona hakuhitaji sinema. Kunahitaji futi, chaki, na cheti."

"Eustakia," akasema Sista Benigna. "Simama."

"Nimesimama, Sista."

"Basi simama vizuri."

Nikasimama vizuri. Visigino pamoja. Nina miaka thelathini na mitano, jamani, nina duka.

"Kanuni ya kwanza."

"Picha ya mtu haikatwi shingo." Nyuma yangu nikasikia sauti za wanawake wengine zinaingia moja moja, maana nusu ya mafundi wa wilaya hii wamepita mikononi mwake. "Haigeuzwi kichwa chini." Tukafika mwisho ukumbi mzima ukiitikia kama litania: "Haikaliwi."

"Ulimtazama mbele?"

"Ndiyo, Sista."

"Na nyuma?"

"Sista, kioo cha humo ndani kinaonyesha mbele tu."

"Mimi nilikufundisha kumkagua mteja kwenye kioo?"

"Hapana, Sista. Ulitufundisha kumzunguka."

"Miguu unayo?"

"Ninayo, Sista."

Machozi yakanijaa hapo. Sikulia kwa ajili ya picha, picha ilikuwa inachekesha, hata mimi nilijua. Nililia kwa sababu kwa miaka yote hii nilikuwa nangoja siku moja tu ya kusimama mbele ya mwanamke huyu nikiwa fundi, na nimesimama mbele yake tena nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyeharibu.

Mama Kanisia akajikung'uta gauni nyuma, kama vile kuna kitu kimebaki. "Nadhani kamati imejionea," akasema. "Kazi tumpe Fundi Alfonsi, tuombe, tufunge."

"Bado," akasema Sista. "Alfonsi."

"Naam, Sista."

"Jubilei ya Sista Fulgensia, sare alishona nani?"

Alfonsi akashika hanga yake kwa mikono miwili. "Mimi, Sista."

"Nilikuwepo. Nilikaa meza kuu. Kila kwaya walipopandisha mikono kuimba, Fulgensia alikuwa ananichungulia kutoka kwapani. Hana shingo. Nyimbo sita."

Mmoja wa wale masista kumi na wawili akatoa sauti fulani puani. Wa pili yake akamfuata. Paroko akainama kufunga kamba ya kiatu. (Alivaa ndala.)

"Wewe ulikosea kwenye kitambaa, na kilikuwa kimeshakatwa," Sista akaendelea. "Huyu amekosea ukutani. Kuna uzi uliopotea hapa leo?"

"Hakuna!" akajibu Mzee Wilibadi, ambaye hakuulizwa.

"Basi magauni ashone yeye. Picha iwe moja, kifuani. Nyuma pabaki bluu tupu. Alfonsi atashona mashati ya wanaume, hayana picha." Akanigeukia. "Na wewe, kila gauni, kabla halijatoka mlangoni, unamzunguka mwenyewe mara tatu."

"Mara tatu, Sista."

Kikao kikafungwa kwa sala. Mimi "Amina" nilichelewa kuitikia, nilikuwa bado sijaamini.

Nje gari la kurudi Lipingo lilikuwa linanguruma, Mzee Wilibadi ameshakaa ndani na anamsimulia dereva kwa sauti kwamba kuna mama mrefu sana alitaka kumkalia dada yake. Sista akanishika mkono wangu wa kulia. Vidole vyake vimekakamaa sasa, mkasi hashiki tena.

"Nilikufundisha mwaka mmoja," akasema. "Yale ya ukutani ulijifunza kwa nani?"

"Mwenyewe, Sista."

"Nimeona."

Neno moja hilo. Nimetembea nalo mpaka nyumbani.

Alipokuwa anapanda gari akasimama, mguu mmoja ndani, mmoja nje. "Na yule mama wa ukutani usimfute. Kwa miaka hamsini watu wananiona nikiingia. Leo ndiyo nimejua ninavyoonekana nikiondoka." Akacheka mpaka Mzee Wilibadi akalazimika kumshika bega asianguke. Halafu akainama, akashika pindo la blauzi yangu, akakata kwa meno uzi uliokuwa unaning'inia pale, mrefu wa shibiri nzima, akanikabidhi mkononi.

Sasa niko nyumbani. Jua bado halijazama na wanawake wanne wameshapita kupimwa. Wote wanne, kabla ya salamu, wamenigeuzia mgongo na kuuliza, "Fundi, hapa patakaa nini?" Wa kwanza alikuwa Mama Kanisia. Nimemzunguka mara tatu. Nimewazunguka wote mara tatu tatu, kichwa kinaniuma, na wamebaki hamsini na sita.

Video ikiwafikia, naomba msicheke. Na mkishindwa, chekeni mkiwa mmesimama.